Upinde wa kwanza wa mwanao: Pima mikono yake kabla ya kupima mfuko wako

KASKAZINI mwa mji mtukufu wa Madina, karibu na Mlima Uhud, kipo kilima kidogo ambacho mahujaji wetu hupelekwa kukizuru. Kinaitwa Kilima cha Wapiga Mishale. Hapo ndipo Mtume Muhammad (s.a.w.) alipowaweka wapiga mishale 50 chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (r.a.), katika mwaka wa tatu wa Hijra, sawa na mwaka 625 Miladia. Aliwaamuru wasiondoke mahali pao, Waislamu washinde au washindwe. Walipomwona adui anakimbia na ngawira imetapakaa, wengi wao waliteremka. Abdullah na wachache waliobaki naye waliuawa juu ya kilima, na ushindi wa asubuhi ukageuka kuwa msiba.

Ndugu msomaji, watu wale hawakupungukiwa na pinde wala shabaha. Kilichowapungukia ni utulivu wa kubaki mahali walipowekwa mpaka amri ije. Tumeanza na kisa hiki kwa sababu mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe upinde wa kwanza, hasa zile pinde za kisasa zenye roda, kwa kawaida huuliza swali moja: upi una nguvu zaidi? Swali hilo limeanzia mwisho. La kuuliza kwanza ni hili: upi mwanangu ataweza kuuvuta, akautuliza, na akaurudisha taratibu bila kufyatua pale atakapoona si salama? Upinde usioweza kutulizwa haufai, hata ukiwa na nguvu za kuangusha nyati.

Mafunzo ya Sunna

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa juu ya mimbari, alisoma aya ya 60 ya Suratul-Anfal inayoamrisha kuandaa nguvu, kisha akabainisha mara tatu kuwa nguvu hiyo ni kurusha. Katika mapokezi mengine ya Imamu huyo huyo, amelaumiwa vikali mtu aliyejifunza fani hii kisha akaiacha. Naye Imamu Bukhari amesimulia kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.) kuwa Mtume alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga shabaha, akawahimiza na kuwakumbusha kuwa baba yao, Nabii Ismail (a.s.), alikuwa mpiga mishale.

Wala jambo hili si la wavulana peke yao. Siku ile ile ya Uhud, Nusayba bint Kaab (r.a.), maarufu kwa jina la Ummu Umara, amesimuliwa kuwa alimlinda Mtume kwa upanga na kwa upinde mpaka akajeruhiwa. Katika zama zetu, Shehzana Anwar, mwanamke mpiga mishale wa Kenya, ndiye aliyeibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Kwa hiyo binti akiomba naye ajaribu, asikatazwe kwa hoja kwamba upinde ni wa kaka yake.

Hapa kwetu pia upinde si mgeni. Vita vya Majimaji vilipoanza mwezi Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Wamatumbi wilayani Kilwa, wapiganaji walitoka na mikuki, mishale na magobori wakakabiliana na bombomu za Wajerumani. Kilichotokea wazee wametusimulia. Upinde wa leo, basi, haumwandai kijana kwa vita. Unamfundisha kutuliza pumzi, kusubiri, na kuwajibika kwa kila mshale unaotoka mkononi mwake.

Upinde wa roda ni upi?

Mtu wa Kilwa Kivinje aliyewahi kupandisha tanga la jahazi atauelewa upinde huu upesi kuliko mtu wa bara. Foromali yenye tanga haiinuliwi kwa mikono mitupu. Jarari hupitishwa katika gofia na abedari, na roda zilizomo humpunguzia baharia uzito. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, aliomba hataza ya upinde uliofungwa roda kwenye ncha zake, naye akaipata mwaka 1969. Hiyo ndiyo asili ya pinde zote za namna hii zinazouzwa leo.

Roda za upinde huu, hata hivyo, si duara kamili. Zimechongwa ili upande mmoja uzidi mwingine. Unapoanza kuvuta, uzito hupanda haraka mpaka kileleni, kisha ghafla hushuka, na mvutaji akifika mwisho hubaki ameshikilia sehemu ndogo tu ya uzito ule. Nafuu hiyo huwa baina ya asilimia 65 na 90 kulingana na upinde. Chukua upinde wa ratili 40, yaani paundi 40, wenye nafuu ya asilimia 75: mvutaji atashinda ratili 40 kwa kitambo kifupi, kisha atashikilia ratili 10 tu wakati analenga.

Neema hiyo ndiyo mtego wenyewe. Kijana hupewa upinde mzito, akaukurupua kwa nguvu za mwili mzima hadi uzito ushuke, kisha akajisifu kuwa ameuweza. Siku atakapotakiwa kuurudisha bila kufyatua, kwa sababu mtoto amekatiza mbele, uzito wote utamrudia kwa pigo moja na kumkokota mbele. Atakayeshindwa kuurudisha atauachia, na mshale utakwenda. Kwa sababu hiyo upinde huchaguliwa kwa kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza: Jicho

Kila mtu ana jicho moja linalotawala, kama alivyo na mkono anaouamini. Mwambie mwanao anyooshe mikono yote miwili mbele, aache tundu dogo baina ya viganja, na atazame ncha ya mnara wa msikiti kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Kisha afumbe jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kuiona ncha ndilo linalotawala. Mwenye jicho la kulia hushika upinde kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa mkono wa kulia, na mwenye jicho la kushoto hufanya kinyume chake. Pinde za roda hutengenezwa za kulia au za kushoto, na hazigeuzwi. Ukikosea hapo, umenunua upinde wa mtoto wa jirani.

Pili: Pima

Wavuvi wetu hupima kina cha bahari kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Chukua futi ya fundi cherehani, umpime mwanao pima yake akiwa amesimama wima bila kujivuta, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye pima ya sentimita 165 atapata sentimita 66, ambazo ni karibu inchi 26. Huo ndio urefu wa mvuto wake kwa makadirio.

Kipimo hiki kina uzito mkubwa katika upinde wa roda kuliko katika upinde wa kawaida. Upinde wa kawaida huvutwa hadi mahali popote mkono unapofika. Upinde wa roda una ukuta wake, na ukifika hapo hauendi mbele tena. Ukuta ukiwa mbali mno, kijana atajipinda mgongo kuufuata, na upote utamchapa mkononi. Ukiwa karibu mno, atavuta amejikunyata. Usimnunulie upinde wa baba yake kwa matumaini kuwa ataukulia, kama tunavyowanunulia kanzu ya Idi yenye upindo mrefu. Kanzu kubwa haijeruhi mtu.

Tatu: Uzito

Kwa makadirio ya jumla, mtoto wa miaka 10 hadi 12 huanza na ratili 10 hadi 20. Kijana au mwanamke asiyezoea huanza na ratili 20 hadi 30, na mwanamume mzima atatosheka na ratili 35 hadi 40. Hata katika mashindano ya kimataifa ya upinde wa roda, ambako shabaha huwekwa umbali wa mita 50, uzito wa juu unaoruhusiwa ni ratili 60. Hakuna sababu ya kijana wa Nangurukuru kuanzia hapo.

Kuna mtihani rahisi. Mpiga mishale asimame na mshale ukiwa umepachikwa, upinde ukiwa umeelekea kwenye shabaha, avute taratibu bila kuuinua. Akilazimika kuelekeza upinde juu mbinguni ili apate kuuvuta, umemzidi. Akifika mwisho atulie kwa sekunde 10, kisha aurudishe polepole bila kufyatua. Akishindwa lolote kati ya hayo, punguza uzito, wala usimwonee haya. Kabla ya upinde kununuliwa, anaweza kufanya mazoezi ya kusimama na kuvuta kwa kutumia mpira wa tyubu ya baiskeli, na misuli ya mgongo itaanza kuzoea.

Nne: Upinde unaorekebishika

Watoto hukua. Zipo pinde ambazo uzito wake hurekebishwa kutoka ratili 5 hadi 70, na urefu wa mvuto kutoka inchi 13 hadi 31, kwa ufunguo mdogo tu wa pembe sita. Upinde wa namna hiyo unaweza kutumiwa na binti leo, na kaka yake baadaye. Kwa familia ya wastani huo ndio ununuzi wa busara, kuliko upinde wa mwindaji uliofungwa kwenye kipimo kimoja.

Tazama pia urefu baina ya roda na roda. Pinde fupi, za inchi 30 hivi, zimekusudiwa wawindaji wanaopenya vichakani. Ndefu zaidi, za inchi 33 na kuendelea, hutulia mkononi na husamehe makosa ya anayejifunza.

Tano: Mishale na vifaa

Hapa tunawaonya hasa vijana wetu hodari wa kujitengenezea vitu. Usipachike mshale wa tete, mwanzi au kijiti katika upinde wa roda. Nguvu yake huupiga mshale kwa ghafla, nao ukipasuka, vipande huingia katika mkono unaoshika upinde. Nunua mishale ya alumini au ya kaboni iliyotengenezwa kwa uzito na urefu wa mvuto wa mwanao, na kila kabla ya kurusha ukague wano lake. Lenye ufa livunje kabisa ili mtu mwingine asiliokote.

Vilevile, usivute na kuachia upote bila mshale. Nguvu iliyotakiwa kuondoka na mshale hurudi katika upinde, ikapasua mbao zake au kuutoa upote nje ya roda. Marafiki wanaokuja kuutazama upinde mpya ndio hufanya kosa hili mara nyingi. Waonye mapema. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kinga ya mkono, kifyatulio cha kushika upote badala ya vidole, na podo.

Ukinunua upinde uliotumika, upitishe pamba juu ya mbao na roda. Pamba ikinaswa pana ufa, nawe uuache. Uliza upote na kamba zake zina umri gani, maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kumbuka kuwa upote wa upinde wa roda haubadilishwi kwa goti kama wa upinde wa kienyeji. Unahitaji mashine maalumu ya kuukandamiza. Hivyo mtu wa Lindi aulize kabla ya kulipa: nani atanirekebishia, na wapi? Asipopata jibu, ni heri aanze na upinde wa kawaida usio na roda, ambao ni rahisi kuutunza, na huo wa roda uje baadaye.

Pwani yetu ina mtihani wake. Chumvi ya bahari hula skrubu, na jua la ndani ya gari lililofungwa hulegeza upote na kuachanisha gundi ya mbao. Ufutwe kwa kitambaa kikavu, upote upakwe nta, na upinde utundikwe kivulini mbali na mikono ya wadogo.

Upinde ni amana

Sasa tufike kwenye jambo ambalo muuzaji hatakueleza. Mshale uliokosa shabaha unaweza kwenda zaidi ya mita 200. Ufuo wetu wakati wa maji kupwa huonekana mtupu, kumbe kina mama wako mbali wakitafuta pweza na chaza, na mkwezi yuko juu ya mnazi. Shabaha iwekwe mbele ya kichuguu kikubwa au tuta la udongo, na viroba vilivyoshindiliwa matambara vipokee mishale. Anayeanza asimame mita 5 hadi 10 tu. Asiwepo mtu mbele ya mstari, na hakuna wa kwenda kuchomoa mshale mpaka pinde zote zimewekwa chini.

Adabu hizi Sunna imetutangulia nazo. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), anayepita msikitini au sokoni na mishale ameamrishwa kuvishika vigumba vyake ili asimdhuru Muislamu. Imekatazwa pia kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha. Na Ibn Umar (r.a.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, walitawanyika kwa hofu, naye akawaeleza kuwa Mtume amemlaani afanyaye hivyo. Kuku wa jirani na mbuzi wa kijiji wasiwe mazoezi ya mtu.

Kuhusu uwindaji, ni kweli kwamba mnyama wa halali aliyetajiwa jina la Mwenyezi Mungu na kupenywa na mshale huliwa, kama ilivyokuja katika hadithi ya Adi bin Hatim (r.a.). Lakini uhalali wa nyama haufuti sheria ya nchi. Sheria ya Hifadhi ya Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, hairuhusu kuwinda bila leseni. Wilaya za Kilwa na Liwale zinapakana na kuingia katika eneo la Selous, ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kijana akikutwa huko na upinde hatapata wa kumsikiliza akisema alikuwa anajifunza.

Liko pia jambo zito zaidi, na si vema kulifumbia macho. Kati ya mwaka 2015 na 2017, jirani zetu wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga walishuhudia viongozi wa vijiji na askari wakiuawa. Oktoba 2017 machafuko yakaanza Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Katika pwani iliyopita kati ya misiba hiyo miwili, kundi la vijana wa madrasa wanaojifunza silaha vichakani litatiliwa shaka hata kama nia yao ni safi, na mzazi hawezi kulaumu. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu bila sababu halali. Dawa yake ni uwazi. Polisi na forodha waulizwe kabla upinde haujaagizwa. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na ofisa michezo wa wilaya wajue nani anafundisha, wapi na saa ngapi. Mazoezi yafanyike uwanjani, mchana, mbele ya wazazi. Jambo la kheri halihitaji kificho.

Mfuko wa familia

Upinde wa roda wa kuanzia pamoja na vifaa vyake hugharimu mamia ya dola za Kimarekani. Kwa mkulima anayesubiri mnada wa ufuta au korosho, hiyo ni fedha ya ada, ya bati na ya matibabu. Kulisha na kusomesha familia ni wajibu, na upinde si wajibu wa mtoto mmoja mmoja. Mwenye uwezo anunue bila israfu. Asiye na uwezo asikope. Familia nne au tano, au madrasa moja, zikichangia upinde mmoja unaorekebishika na mwalimu mmoja anayejua, watoto wote watajifunza. Atakayeonekana ana kipaji atasaidiwa baadaye, na njia ipo: mwaka 2025 iliamuliwa kuwa upinde wa roda uingie kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, ile ya Los Angeles ya mwaka 2028, katika mashindano ya timu za mwanamume na mwanamke.

Ndugu mzazi, siku utakayomkabidhi mwanao upinde huo, usimsifu kwanza kwa mshale uliopiga katikati. Msubiri avute, alenge, kisha umwambie arudishe. Akiweza kuurudisha polepole, bila kinyongo, kwa sababu tu ameambiwa, hapo ndipo umsifu. Kwenye kile kilima cha Uhud zilikuwapo pinde 50, na siku ile iligeuka kwa kukosekana jambo hilo moja.

Wabillahi tawfiq.